Mifuko Niliyomchambulia Tekla

Walipomaliza kusoma wasifu wa Daktari Tekla, mimi nilibaki nimekaa kwenye mkeka chini ya turubai nikisubiri wasome kilichobaki. Hawakusoma. Walitaja vyuo alivyosoma, nchi alizokwenda, wanafunzi aliowafundisha, na mbegu za maharage alizoziokoa zisipotee, ambazo leo zinalimwa na watu wasiomjua hata kwa jina. Yote kweli. Lakini ule mwaka wetu wa Mtaa wa Tandamuti, mwaka mzima, waliupitia kwa sentensi moja tu: "akaanza utafiti wake Dar es Salaam kwa ufadhili mdogo." Mama mmoja aliyekaa ubavuni kwangu, ndugu wa marehemu kutoka Songea, akaniuliza, "Wewe bibi na marehemu mlijuana wapi?" Nikamwambia nilikuwa mfanyakazi wake. Akaitazama khanga yangu, akaitazama miguu yangu, akasema, "Wa nyumbani?" Nikasema, "Wa utafiti." Akageuka akatazama mbele. Nadhani alihisi msiba umenichanganya. Nami sikumlaumu, maana ningekuwa yeye ningehisi hivyo hivyo.

Sasa huo mwaka ndio nataka kuusema. Habari za ukoo wangu niziache, hazina msaada hapa. Inatosha kusema nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, shule niliishia darasa la nne, na kazi yangu ilikuwa kuchambua maharage Kariakoo. Siku hizi nafaka nyingi inashushwa Tandale na Tandika, lakini wakati ule malori ya mikoani yalikuwa yanaingia Kariakoo kwenyewe, makuli wanashusha, na sisi wanawake tumekaa kwenye baraza za maduka ya jumla, kila mtu na ungo wake. Gunia likifunguliwa unatoa mawe, unatoa yaliyobunguliwa na wadudu, unatoa yaliyovunjika, kisha unatoa mchanganyiko. Mchanganyiko ni zile punje zisizofanana na nyingine. Gunia ni la njano, umekuta punje nyeusi, umekuta yenye madoadoa, unaweka pembeni. Mnunuzi wa Kariakoo anazamisha mkono ndani ya gunia mpaka kwapani, anafungua kiganja, akiona punje moja ya rangi nyingine anashusha bei hapo hapo, na tajiri wako anakuona wewe huna macho. Na ilikuwepo desturi, haikuandikwa popote lakini hakuna tajiri aliyeivunja: mchanganyiko ni wa mchambuaji. Unaufunga kwenye pindo la khanga, unakwenda nao nyumbani, unachemsha. Kwa hiyo sisi tuliokuwa hatuna kitu tulikula maharage ya rangi ambazo wenye magunia hawakupata hata kuzionja.

Tekla alitokea siku moja asubuhi, mwembamba, gauni la kitenge na raba za kitambaa, akachuchumaa mbele yetu kama mtu aliyepoteza hereni. Alikuwa amenizidi miaka mitano au sita. Akasalimia, tukaitikia, akauliza, "Dada zangu, haya mnayoweka pembeni huwa yanakwenda wapi?" Mwenzangu mmoja akamjibu bila kuinua kichwa, "Tumboni." Baraza zima likacheka. Yeye akatoa daftari akaandika. Nilichungulia, nikakuta kweli ameandika: tumboni. Nikajisemea, huyu ama mgonjwa ama ana kazi ambayo mimi siijui. Kesho yake akarudi, na keshokutwa, na siku ya nne akaniuliza kama ningependa kumfanyia kazi. Alinichagua mimi, aliniambia baadaye, kwa sababu kila alipouliza lori limetoka wapi, wengine walimjibu "mikoani" na mimi nilimtajia mpaka jina la gulio.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Lipo shirika la nje huko linalotoa ruzuku kwa watu wanaokwenda kutafuta vitu: wengine wadudu, wengine mapango, wengine mimea. Tekla aliwaandikia andiko la kurasa nyingi kwamba maharage ya zamani ya nchi hii yanapotea, kila mkulima sasa anapanda aina moja inayouzika, na yeye anataka kuyatafuta yaliyobaki kabla hayajakwisha. Wakampa fungu la kwanza, dogo. Fungu la pili, kubwa, la kumpeleka vijijini, lingekuja tu kama mkaguzi wao angefika kuiona kazi na kuridhika. Asiporidhika, mradi umekufa, na Tekla anarudi kupiga chapa katika ofisi aliyoombea likizo bila malipo. Wenzake walimcheka, wakamwambia hela ile haitoshi hata kufika Mbeya na kurudi. Yeye akasema, kama siwezi kuyafuata maharage, maharage yenyewe yanakuja Kariakoo kila siku. Hapo ndipo ninapomvulia kofia mpaka leo. Alikuwa ameona kwamba zile punje za ajabu tulizokuwa tunatoa kwenye ungo ni mbegu za kina mama wa vijijini, zilizochanganyika shambani na maghalani, na kwamba ukijua punje imetoka lori gani, unajua nyumba ya kuitafutia iko upande gani. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimama lori linaposhushwa, kuchota kibaba kimoja kabla mtu hajagusa, kukitia kwenye mfuko wa kitambaa cha marekani, na kutumbukiza ndani karatasi yenye jina la mahali. "Chukua kama yalivyo, Zena," aliniambia. Nilichukua kama yalivyo. Alinieleza na sababu, sikatai, alinieleza kwa maneno mengi sana, ila nilisikia nilichozoea kusikia: kwamba anataka kujua maharage ya kila mahali. Nami nikaona, ya Mbeya ni njano, ya Njombe ni ya aina ya kablanketi, kuna kingine gani?

Mifuko tuliiweka kwenye chumba alichopanga kwa Bi Kidawa, Mtaa wa Tandamuti, nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati. Chumba hakikuwa na kitanda. Kulikuwa na meza ya mbao za makasha, taa ya umeme iliyoning'inia kwa waya, na kamba nne zilizotoka ukuta hadi ukuta, kwa sababu ya panya. Mifuko yote ilining'inia kwenye hizo kamba, na ukiingia ilikubidi uiname. Kulikuwa na harufu ya vumbi la shamba na majivu, maana tulichanganya majivu kidogo kuzuia wadudu. Tekla alikaa pale kutwa, anamimina mfuko mmoja mezani, anatenga punje kwa rangi na umbo, anahesabu, anaandika, anarudisha, anashusha mwingine. Mchana tulikula uani pamoja na Bi Kidawa, ugali na dagaa, au wali wa nazi akiamka vizuri. Bi Kidawa alikuwa mjane wa makamo, mwenye maneno. Alikuwa akimwita Tekla "mwanangu wa harage" na kumuuliza ataolewa lini, na Tekla anamjibu, "Nikimaliza kuhesabu, mama." Zilipobaki siku chache mkaguzi afike, Tekla alianza kujizoeza maneno yake kwa Kiingereza, peke yake nyuma ya pazia. Sisi tumekaa ukumbini tunasikia. Bi Kidawa akaninong'oneza, "Anasali?" Nikamwambia, "Anaomba hela." Akasema, "Basi ni kusali huko huko."

Mkaguzi alipitia Morogoro kwanza, na Tekla akaenda kumpokea. Aliniachia ufunguo wa chumba akasema atakuwa huko siku mbili. Mifuko kumi na minane ya mwanzo alikwisha kuihesabu. Arobaini na miwili ilikuwa inasubiri. Mimi nikakaa nikaitazama ile mifuko kwenye kamba, nikashusha mmoja, nikafungua. Mchafu. Mawe, chenga, rangi sita. Nikamwonyesha Bi Kidawa. Akashika kiuno. "Huyo mtu wa hela anatoka ng'ambo ya huko, mnamfungulia hivi? Akizamisha mkono je?" Nami nikaona kweli. Nilikuwa nampenda Tekla kwa namna ambayo sijui niisemeje, nilikuwa sijapata kufanya kazi kwa mtu anayeniuliza maswali na kuandika majibu yangu. Nikaona hili ndilo ninaloweza kumpa. Nilitandika mkeka uani, nikachukua ungo, nikachambua siku mbili, bila mtu kunituma na bila malipo, mifuko yote arobaini na miwili. Sijawahi kuchambua vizuri vile tangu nizaliwe. Kila mfuko ulibaki na rangi moja, safi, unang'aa, na karatasi yake nikairudisha ndani, maana nilijua karatasi ni muhimu. Mchanganyiko wote niliutia kwenye beseni moja. Na kwa vile mchanganyiko ni wa mchambuaji, na mgeni lazima ale, Bi Kidawa akaloweka mahindi, tukachota beseni mpaka sufuria ikajaa, tukapika makande ya nazi.

Mgeni alikuja mchana wa siku ya tatu. Nilitegemea Mzungu, akaja mzee wa Kikenya, Mzee Mutua, mfupi, koti la kaki, Kiswahili cha kwao. "Shikamoo mzee," nikamwambia. "Marahaba, msichana. Wewe ndiye Zena? Huyu amenisumbua njia yote na jina lako." Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nikawatangulia chumbani, nikashusha mfuko wa kwanza mwenyewe, nikaufungua mbele yao. Tekla akatazama ndani. Akashusha wa pili. Wa tatu. Mimi nimesimama nangoja kusifiwa. Nikaona labda hajaona, nikaamua nimsaidie, nikasema, "Nimekuchambulia yote, dada. Hata punje moja haijabaki ya rangi nyingine."

Sitasahau uso wake. Haukukasirika. Ulikaa kama wa mtu aliyesikia simu ya kifo na bado hajaishusha. Akaniuliza taratibu, "Zena, ulizotoa ziko wapi?" Nikasema, "Nyingine zipo kwenye beseni." "Na nyingine?" Hapo Bi Kidawa akaingia na sinia, mvuke unapanda, akasema, "Karibuni, karibuni, mkaguzi hakagui na njaa." Tekla akaangalia sinia, akaniangalia mimi, nami ndipo nilipoelewa. Sikueleweshwa na mtu. Nilielewa kwa macho yake yalivyokwenda kwenye makande.

Angeweza kunyamaza. Hili nimelifikiria miaka yote, na pale msibani nililifikiria tena. Mzee yule alikuwa hajauliza kitu. Tekla alikuwa na ile mifuko kumi na minane yenye hesabu nzuri, angefungua hiyo, angefunga hii, tukala tukaagana. Au angesema msichana wa sokoni ameharibu kazi, ambayo ingekuwa kweli tupu. Alisimama akasema, kwa Kiswahili, ili nisikie na mimi, "Mzee, mifuko arobaini na miwili imechambuliwa, haifai tena kuhesabiwa. Kosa ni langu. Nilimpa mtu kazi bila kuhakikisha ameelewa ninatafuta nini." Bi Kidawa akatandika mkeka, Mzee Mutua akamtazama Tekla. Akakaa kwenye mkeka, akanawa, akachota makande kwa mkono, akaanza kuyatenga kwenye ukingo wa sahani. "Hii," akasema, ameinua harage moja kubwa lililopikwa likabaki na doa jeusi kwenye kitovu, "nilikula kwa nyanya yangu nikiwa kijana mdogo. Sijaiona tena." Akalitia mdomoni. Bi Kidawa akamwambia, "Kama unazipenda zipo nyingi, mzee, usione haya." Hakuna aliyecheka, na yeye hakujua kwa nini.

Mimi sikukaa kula. Nikaenda kuchukua beseni, nikarudi nalo, nikakaa chini nikamwaga kwenye ungo zile punje mbichi zilizobaki. Nikasema, "Dada, najua zilikotoka." Kweli nilijua. Ukichambua siku mbili bila kusema na mtu, mkono unakumbuka. Nikaanza kutenga. Hii nyeupe yenye jicho jekundu, lori la Sumbawanga, mfuko ulioshonwa na uzi wa bluu. Hii ya zambarau, Mbinga. Hii ndogo kama choroko, Kasulu, ilikuwa imezungukwa na mawe mengi. Mzee Mutua akasogea. Akawa ananichanganyia punje ananiuliza tena baada ya nyingine kumi, na mimi narudia jibu lile lile. Mwisho akacheka, akamgeukia Tekla, "Huyu ni daftari linalotembea. Mwandikie basi, rudisha kila moja kwa mfuko wake, tumalize hii maneno."

Tekla alikuwa amechuchumaa kama siku ile ya kwanza barazani. Nilikuwa namwomba kimoyomoyo aseme ndiyo. Fungu la pili lilikuwa pale, limekaa kwenye mkeka, limevaa koti la kaki, limemwambia chukua. Akasema, "Siwezi, mzee. Namwamini Zena, lakini sikuona. Nikizirudisha mifukoni, mtu atakayesoma atadhani niliziona zikitoka humo." Mzee akasema, "Na kama ni kweli zilitoka?" Akasema, "Basi ziandikwe peke yake, kwamba ni kumbukumbu ya mchambuaji, na mtu aende akaangalie." Akachukua daftari, akapiga mstari katikati ya ukurasa, akaandika jina langu juu. Nikamtajia punje tisa nilizokuwa tayari kuziapia, na nyingine zote nikamwambia aziache, sina hakika nazo. Mzee Mutua alikula akamaliza sahani yake, akashukuru, akaaga. Hakusema ameridhika, hakusema hakuridhika.

Tulingoja wiki nyingi. Hela ya chumba ikaisha, Bi Kidawa akasema tutazungumza siku nyingine. Tekla hakunifukuza. Siku moja nilimuuliza kwa nini hakusema ni mimi, akanijibu, "Nilikueleza kama ninavyowaeleza wale wanaonipa hela. Nilipaswa kukueleza kama unavyoeleza wewe." Kisha akamimina kibaba mezani, akanifundisha alasiri nzima: kwa nini ile moja nyeusi ina thamani kuliko mia za njano, kwa nini idadi ya kila rangi ni habari yenyewe, kwa nini hata mawe yanasema shamba lilikuwa la aina gani. Nilikuwa nimechambua maharage miaka minne bila kujua ninachoshika. Leo nikisikia kijana anasema utafiti ni ujanja wa kula hela za wafadhili, huwa namkumbuka alivyokuwa akigeuza punje kwa ncha ya kalamu asiiumize.

Barua ilipokuja aliisomea uani, akitutafsiria neno kwa neno. Fungu lote hawakutoa. Walitoa la safari moja, upande wa Ufipa tu, kule Sumbawanga, kwa watu wawili, na walitaka kwanza ule ukurasa wa kumbukumbu ya mchambuaji ukapimwe. Matokeo yakiletwa, watafikiria lililobaki. Bi Kidawa akauliza, "Wawili nani?" Tekla akasema, "Mimi na Zena." "Zena anakwenda kufanya nini?" "Kuangalia kama alikosea." Bi Kidawa akaniangalia kwa huruma, akasema, "Wanakulipia nauli ukaumbuke." Tukaenda. Punje zangu za Ufipa zilikuwa tano. Tulizunguka siku kumi na saba, nyumba kwa nyumba, tunafunguliwa vibuyu na vyungu vya mbegu. Tatu tulizikuta nilikosema, moja ikiwa kwa bibi mmoja ambaye alibaki nayo peke yake kijiji kizima. Mbili hatukuzikuta, na moja kati ya hizo mbili wakatuambia haijawahi kuota kule, ni ya Kigoma, waliiona kwa wachuuzi. Jioni ile nilimsihi asiziandike zile mbili. Nilimwambia tatu zinatosha, wenye hela wasije wakakasirika tukakosa lililobaki. Alikuwa anaandika. Akasema, "Wametupa hela tukaangalie, Zena. Tumeangalia." Akaandika jina langu, na mbele yake ndiyo tatu na, kwa wino ule ule, hapana mbili.

Wakatoa fungu lote. Sijui kama ni kwa sababu ya zile tatu au zile mbili, barua haikusema, nami nina maoni yangu. Ila nakumbuka zaidi siku tuliyorudi kutoka Ufipa, kabla barua hiyo haijaja, tumechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Tekla alikwenda posta. Mimi nilibaki uani na gunia dogo la vibaba tulivyopewa, kila kimoja kwenye mfuko wake, nikawa navifungua vipate hewa. Bi Kidawa akatoka jikoni, akainama, akachungulia. "Mnatoka mbali kote huko mnaleta uchafu huu?" Akatundua ungo ukutani, akakunja khanga, akanyoosha mkono kwenye mfuko wa yule bibi. "Sogea nikusaidie, mwanangu wa harage asije akarudi kutoka posta akakuta hivi."

"Bi Kidawa," nikamwambia, "shikamoo, lakini hayo hayaguswi."

Akabaki ameinama na ungo. "Toka lini?"

Nikavuta kigoda, nikakaa kati yake na gunia.